Mchezo wa kompyuta usihukumiwe na asiyewahi kuucheza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu michezo ya kompyuta, ambayo kwa muda sasa imekuwa ikitajwa katika magazeti yetu kwa sauti moja tu, sauti ya lawama. Mzazi mmoja huandika kwamba gemu zimewaharibu watoto, mwingine humuunga mkono, wa tatu huitaka serikali ifunge mabanda yote ya kuchezea gemu, na katika barua hizo ni nadra kumkuta mwandishi anayetaja jina la mchezo anaoulaumu au anayeeleza mna nini ndani yake. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Jiografia, mkazi wa Manispaa ya Tabora, na ni mfugaji wa nyuki. Likizo hii mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo kikuu, alikuja kukaa nami akiwa na kompyuta yake mpakato, nami nikamwomba anifundishe mchezo aliokuwa akiusifia kila tulipokaa kula. Nimeucheza jioni nyingi kwa mikono yangu mwenyewe, na ninayoyaandika hapa ni maoni ya mtu aliyeingia humo mara ya kwanza. Hoja yangu ni kwamba mchezo wa namna hii ni nchi ya kutembelewa kwa miguu, na kwamba anayetaka kuusifu au kuulaani sharti atembee ndani yake kwanza, kwa kuwa yaliyo mema na yaliyo mabaya humo hayaonekani na anayechungulia skrini akipita kwenda jikoni.

Mchezo wenyewe unaitwa The Elder Scrolls V: Skyrim. Ulitengenezwa na Bethesda Game Studios ya jimbo la Maryland nchini Marekani chini ya uongozi wa Todd Howard, ukatolewa tarehe 11 Novemba 2011, nao ni wa tano katika mfululizo mkuu ulioanza mwaka 1994. Umri wake ni faida kwetu, kwa sababu toleo lake la kwanza linakwenda katika kompyuta ya kawaida isiyoweza kubeba michezo mipya, na ukishasakinishwa unaweza kuchezwa bila intaneti. Nchi yake ni ya kubuni, yenye baridi na milima ya theluji, ina majoka, wachawi, majitu na maiti zinazotembea. Imegawanyika katika majimbo tisa, kila moja na mtawala wake, na watawala hao wamo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Habari za majoka na unabii nitazipita haraka, kwa sababu ndizo anazoanza nazo kila anayeusimulia mchezo huu, na kwangu mimi hazikuwa kiini chake.

Unapoanza umefungwa mikono, umekalishwa kwenye mkokoteni wa farasi pamoja na wafungwa wengine, mnapelekwa kukatwa vichwa. Hapo ndipo unapoulizwa wewe ni nani, nawe unachagua kabila moja kati ya 10, jinsia, sura na jina. Joka linashuka, mji unateketea, mnaponyoka kupitia mahandaki na mapango wewe na mtu mmoja aliyeamua kukusaidia, kisha mnatokeza upande wa pili wa mlima, kwenye mwanga. Mwenzako anakwambia kwamba chini bondeni kuna kijiji ambako ana ndugu, anashauri mwende huko, na baada ya hapo hakuna tena anayekuamuru. Nilimuuliza kijana, "Sasa natakiwa kufanya nini?" Akanijibu, "Popote, Shangazi. Nenda unakotaka." Sikumwamini. Nikamwacha yule mwenzangu ateremke peke yake kuelekea kijijini, mimi nikageukia magharibi, nikitarajia kukutana na ukuta au maandishi ya kunirudisha njiani. Havikuwapo. Nilipita katikati ya misonobari mpaka nikafika kwenye ziwa, na lile ziwa ndilo lililoniteka.

Linaitwa Ilinalta. Mwalimu wa Jiografia akiona ziwa hutaka kujua maji yanatokea wapi, kwa hiyo nikalizunguka kandokando mpaka nikapata mto unaotoka ndani yake, nikaufuata. Mto huo, ambao wenyeji wanauita White River, unapita kando ya kijiji kile kile nilichokuwa nimekikwepa, unaporomoka kwenye maporomoko ambako samaki wanaruka wakipanda kinyume cha maji, unafika kwenye uwanda wa nyasi, unaupita mji mkubwa wa Whiterun, unapinda mashariki kupitia bonde jembamba, kisha unaelekea kaskazini hadi baharini karibu na mji wa kale wa Windhelm. Niliufuata wote. Mahali popote hakuna maji yanayopanda mlima, wala mkondo unaokatika bila sababu, wala kijiji kilichowekwa mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingejenga. Kijiji kipo pale kwa sababu mto unaendesha kiwanda cha mbao. Mji mkubwa upo pale kwa sababu uwanda ni wazi na njia za pande zote zinakutana hapo. Nimekaa darasani miaka mingi nikiwaeleza wanafunzi kwa nini Tabora iko Tabora: kwamba njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapa Unyanyembe, moja ikaenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe, na kwamba mji uliota kwenye njia panda kabla Mjerumani hajaleta reli mwaka 1912. Waliliandika daftarini, wakalijibu kwenye mtihani, lakini wengi wao hawakuliona, kwa sababu Tabora wameifikia siku zote wakiwa wamekaa kwenye basi au behewa. Nilipoingia Whiterun kwa miguu, nikitokea mtoni, nikiwa nimebeba ngozi za mbwamwitu nilizotaka kuziuza, nililiona jambo lile lile mara moja bila mtu kunifafanulia. Ningekuwa bado kazini, ningewapa kidato cha tatu jioni moja ya kuufuata mto ule kabla ya kufungua kitabu.

Kuna jambo jingine ambalo anayetazama pembeni hawezi kulijua, nalo ni mzigo. Karibu kila kitu unachookota kina uzito wake uliohesabiwa. Deraya, yaani vazi la vita, ya ngozi ni 6, ya chuma ni 30, na mhusika wako mwanzoni anaweza kubeba 300 tu; ukizidisha hapo hukimbii tena, unajikokota hatua kwa hatua mpaka utupe kitu. Kwa hiyo kila unapoingia pangoni unatoka na swali la mpagazi: nibebe nini, niache nini? Nilisimama mlangoni mwa pango, jua linazama, nimefungua mfuko, napima kama ngao ile nzito itanilipa zaidi ya mifupa na mitishamba niliyoikusanya mchana kutwa. Hapa Unyamwezi swali hilo si geni. Wapagazi wetu walibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 30, kwa kichwa au begani, karibu kilometa 800 kutoka pwani, na juu ya mzigo huo kila mtu alikuwa na chungu chake, mkeka wake na posho yake. Mchezo huu unakaribia kulielewa hilo, kisha unateleza mahali pamoja: sarafu zake hazina uzito hata chembe. Unaweza kutembea na sarafu elfu kumi mfukoni ukaruka kama swala. Katika njia zetu fedha yenyewe ndiyo iliyokuwa mzigo, kwa sababu ilikuwa ni majora ya merikani, shanga na nyaya za shaba, na msafiri aliyetaka kulipia chakula na njia hadi Ujiji ilimbidi aajiri watu wa kuibeba hiyo fedha. Laiti watengenezaji wangeipa sarafu uzito, biashara yote ya humo ingebadilika, na mchezaji angelazimika kufikiri kabla ya kuuza kila anachookota.

Ushuru wa njia nao umo. Mashariki ya Whiterun, pale White River unapoingia bonde jembamba, kuna minara miwili na daraja juu ya mto, na hapo majambazi wanakusimamisha wakudai fedha upite. Unaweza kulipa, kubishana, kupigana, au kutafuta njia nyingine mlimani. Nilikumbuka hongo iliyotozwa misafara ilipopita Ugogo, na zaidi nikamkumbuka Mirambo, aliyeifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji mwaka 1871 alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, hata Henry Morton Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili afike kwa David Livingstone. Tofauti ni kwamba Mirambo alikuwa mtawala mwenye dola na madai yake, na wale wa darajani ni wanyang'anyi tu wasio na historia. Niliamua kuzunguka mlimani, na huko ndiko nilikoona jinsi bonde lote lilivyokaa.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu na kijana. Mchezo unaruhusu mtu akishafika mahali mara moja, afungue ramani, abofye jina la mahali hapo, na papo hapo awe amefika, saa za safari zikiwa zimehesabiwa kimyakimya. Yeye anacheza hivyo. Anatoka mji hadi mji kwa kubofya, anamaliza kazi kumi katika muda ambao mimi namaliza moja, na anaamini kwamba nateseka bure. Nimeukataa mtindo huo na naendelea kuukataa. Nikichoka sana napanda gari la farasi linalosubiri nje ya miji mikubwa mitano na kulipa nauli ya sarafu 20, kwa sababu angalau hapo nimetoka mahali halali na nimemlipa mtu. Nchi yote ya Skyrim, wanasema waliopima, ni kama kilometa za mraba 37, wakati Mkoa wa Tabora peke yake una zaidi ya kilometa za mraba 76,000. Ni eneo ambalo kwetu linaingia ndani ya kata moja na kubakiza nafasi. Siku nzima ya humo, tangu mapambazuko hadi mapambazuko, ni dakika 72 za saa ya ukutani. Nchi ndogo namna hiyo inakuwa kubwa kwa anayeitembea tu: milima inakuzuia, njia zinajipinda, usiku unakukuta kabla hujafika, mvua inaanza. Anayebofya ramani ana orodha ya majina, na haki yangu ya kusema hivyo ni kwamba nilimuuliza kijana wangu mlima mrefu kuliko yote uko upande gani wa Whiterun, naye ameucheza mchezo huo tangu sekondari, akafungua ramani kutafuta jibu.

Barabarani ndiko mambo yaliko. Siku moja nilikutana na mkulima anamswaga ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo alikuwa amepakwa rangi, michoro ya mizunguko ubavuni. Nilimsimamisha, akanieleza kwamba anampeleka kwa majitu yanayochunga tembo wenye manyoya uwandani, ili yakipata ng'ombe huyo yaache kulivamia shamba lake. Kisha akaendelea na safari. Hakuniomba msaada, hakunipa kazi, wala hakukuwa na zawadi. Ni mtu mwenye shida yake na njia yake ya kuitatua, na ningalibofya ramani nisingalijua kwamba katika nchi ile wakulima na majitu wana mapatano. Kwa mtu aliyekulia mkoa ambao wakulima na wafugaji wanagawana malisho na maji, habari ile fupi ilikuwa na uzito kuliko majoka yote.

Na lipo jambo la Ivarstead. Hicho ni kijiji kidogo chini ya mlima mrefu kuliko yote, ambako ngazi ya mawe inapanda hadi nyumba ya watawa wazee wasioteremka. Wenyeji wanasema ni vidato 7,000. Mtu mmoja wa hapo aitwaye Klimmek amekuwa akiwapelekea watawa hao chakula, samaki wakavu na nyama ya chumvi, lakini miguu yake imeanza kukataa. Ukizungumza naye kwa adabu anakubali umpelekee. Nilipanda. Njiani kuna mawe yaliyochongwa maandishi, na mbele ya moja wapo nilimkuta mwanamke ameketi akitafakari. Kuna mbwamwitu, na juu zaidi kuna dubwana la barafu ambalo liliniua na kunirudisha nyuma. Kuna upepo, na theluji inafika mahali unaona vidato viwili mbele yako, basi. Juu kabisa, nje ya mlango, pana sanduku. Unatia mfuko ndani, hakuna anayetoka kukushukuru. Unageuka, na nchi yote unayoijua, ziwa, mto na mji, iko chini yako. Wanaosema michezo hii haina kitu ila kuua, naomba waipande ngazi ile wakiwa na mzigo wa mzee Klimmek.

Upande wa nyuki sitaficha kwamba nimesikitika. Katika misitu ya Skyrim kuna mizinga imening'inia, nami nilipouona wa kwanza moyo ulinidunda. Nikausogelea taratibu, upande wa upepo, kama nifanyavyo miomboni. Nikabonyeza kitufe, na papo hapo nikapewa sega, ganda la mzinga, na nyuki. Hakuna moshi. Hakuna kuumwa. Nyuki wenyewe wanaingia mfukoni kama punje za karanga. Hapa kwetu kurina ni kazi ya jioni au usiku, mtu amefunga mikono ya shati, bomba la moshi limekolea vizuri bila kutoa mwali, mzinga wa gome la mti uitwao mtundu unateremshwa kwa kamba polepole kwa sababu ukigonga tawi tu nyuki wote wanatoka. Na mrinaji mwenye adabu haondoi masega yote, huwaachia nyuki yao ili kundi lisihame. Kila hatua ya hiyo ni uamuzi, na kila uamuzi ukikosewa una malipo yake. Watengenezaji walioweza kupima uzito wa deraya na kumfanya samaki apande maporomoko walikuwa na uwezo wa kuufanya mzinga uwe mtihani wa subira badala ya kabati lisilo na kufuli. Nalisema hili bila kejeli, kwa sababu nchi yao inakunywa pombe ya asali kila baa, na nchi inayokunywa hivyo ingestahili kuwaheshimu warinaji wake.

Kuhusu ufundi wamefanya vizuri zaidi. Katika kijiji cha Riverwood mhunzi anakukaribisha, anakupa vifaa, anakuagiza ufue jambia la chuma, ulinoe kwenye jiwe la kunolea, kisha ushone kofia ya ngozi. Anakueleza mara moja, basi, mikono ni yako. Na mchezo mzima umejengwa hivyo: kuna stadi 18, na kila moja inakua hasa kwa kutumiwa. Anayefua anakuwa mfuaji bora, anayevuta upinde anakuwa mlenga shabaha, anayebembeleza wachuuzi bei anakuwa mfanyabiashara. Nchini tunazungumza sana siku hizi juu ya mtaala unaojenga umahiri, nami sijaona popote wazo hilo likitekelezwa wazi namna hii. Kuni pia unaweza kukata ukamuuzia mwenye kiwanda cha mbao, sarafu 5 kila kipande, na nililipia chakula changu cha mwanzo kwa jasho hilo.

Lawama yangu kubwa ni hii, nami naiandika kwa uzito. Katika mji wa Whiterun farasi anauzwa sarafu 1,000. Mchezaji akimuua mtu asiye na hatia mbele ya mashahidi, faini anayoandikiwa katika jimbo lile ni sarafu 1,000. Akilipa, askari anamnyang'anya vitu vya wizi, anamwachia, na kesho yake anamsalimia barabarani. Akivuka mpaka wa jimbo jingine hadaiwi kitu, na kosa lisiloonwa na mtu halihesabiwi kabisa. Yaani nchi iliyohangaika kuhesabu uzito wa kila ngozi na kila chungu, imempa binadamu bei ya farasi. Sisemi kwamba mchezo unamlazimisha mtu aue wasio na hatia. Mimi sijamuua yeyote, na umeniacha niishi hivyo. Nasema kwamba ule uhuru ninaousifia ungekuwa na maana zaidi kama nchi ingekumbuka. Tena wanaweza, maana pale Riverwood ukimuua kuku wa mtu kijiji kizima kinakuinukia na silaha. Kama hasira ya wanakijiji iliwezekana kwa kuku, ilistahili kuwepo, na kudumu, kwa ajili ya mtu. Hapo ndipo mzazi angekuwa na hoja ya kweli dhidi ya mchezo huu, na hiyo ndiyo hoja ambayo sijaisoma katika barua yoyote, kwa sababu anayeona damu kwenye skrini tu hajui bei iliyoandikwa nyuma yake.

Damu nayo ipo, na sitaki nieleweke vibaya. Mtu anakatwa kichwa katika dakika za mwanzo kabisa. Huko Ulaya mchezo umewekewa alama ya miaka 18, na Marekani ya miaka 17, na nakubaliana na alama hizo. Si mchezo wa mtoto wa shule ya msingi, na mwenye banda anayemwachia mtoto wa darasa la nne aucheze anafanya kosa. Lakini kuuweka fungu moja na mashine za kamari zilizojaa mitaani, kama wengi wafanyavyo, ni kuchanganya mambo. Mchezo huu hauna mahali pa kuweka dau, hautozi shilingi kwa kila mzunguko, na hauna ahadi ya kukurudishia fedha. Mzazi anayesema "gemu" kwa vitu hivi viwili anamwonya mwanawe dhidi ya kitu asichokitofautisha, na kijana anayejua tofauti hiyo anaacha kumsikiliza hata pale mzazi anapokuwa na haki.

Kizingiti kingine ni lugha. Watu wa Skyrim wanazungumza sana, vitabu vimejaa kwenye rafu zao na vingi vinasomeka, na hakuna neno la Kiswahili hata moja. Kijana wangu anakiri kwamba Kiingereza chake kilinyooka humo, na hilo ni jema, lakini wako wengi wenye akili na hamu ambao mlango huo unawafungia. Hatuwezi kusema haiwezekani. Mwaka 2024 ulitolewa mchezo uitwao Tales of Kenzera: ZAU, wa studio iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na wahusika wake unaweza kuwasikia wakizungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Huo ni wa aina nyingine, wa kuruka na kupambana katika njia zilizopangwa, si nchi iliyo wazi. Hata hivyo umethibitisha kwamba lugha yetu inakaa vizuri katika vinywa vya wahusika hawa. Nchi iliyo wazi, yenye mito na njia panda na ushuru darajani, inayozungumza Kiswahili, bado sijaiona, nami ningeingia humo siku itakapofunguliwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako lina ukurasa wa mpira, lina safu ya vitabu, lina habari za muziki na filamu. Michezo hii inachezwa na vijana wetu kuanzia Ng'ambo na Kitete hapa mjini hadi Mwanga na Ujiji kule Kigoma, na hakuna anayewaandikia wazazi wao kwa Kiswahili wakajua ni mchezo gani, unafaa umri gani, unachukua muda gani, unadai fedha au haudai, na ndani yake mtu anaombwa kufanya nini. Tenga nafasi, hata iwe nusu ukurasa kila Jumamosi, na sharti liwe moja: anayeandika awe ameucheza. Mtoto wa kaka yangu yuko tayari kuandika kuhusu michezo ya mpira ambayo mimi siijui. Mimi niko tayari kuanza na njia ya Ivarstead, na kuituma kwako kabla kijana hajarudi chuoni na kompyuta yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Manispaa ya Tabora